Maini ya Perege na Ndimu ya Mama

Jumatatu, 3 Novemba
Perege kumi na wawili tena, wiki ya tatu hii, kutoka bwawa la nyuma ya nyumba. Wadogo nimepasua mwenyewe, wakubwa kapasua Mama. Nyongo zao ni kubwa: mkono wake hauzitoboi, wangu unazitoboa. Kipande cha ini ndani ya chupa, kipima oksijeni juu, nahesabu dakika nione linavuta kiasi gani. Mgongo unauma. Msimamizi wangu, Dokta, anataka jibu Jumatatu ijayo: gramu ya ini la samaki mdogo inafanya kazi zaidi kuliko gramu ya ini la mkubwa, au la? Bila jibu sihitimu mwaka huu.

Jumatano, 5 Novemba
Jamani! Maini ya wadogo yanavuta oksijeni kwa pupa. Ya wakubwa karibu yamelala. Mstari kwenye grafu umenyooka, raha tupu. Nimempigia Dokta, kafurahi. Nimekula sahani mbili za wali.

Alhamisi, 6 Novemba
Siupendi ule mstari. Umenyooka mno. Ini la mkubwa lifanye kazi polepole, sawa. Lakini si kama la maiti.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimejua. Baada ya sala nimekaa uani nikamtazama Mama anavyofanya. Kapasua perege, katoa ini, kalikosha kwa ndimu na chumvi, kaniwekea kisahanini. Nikapiga ukelele.
"Sasa mwanangu, n'kupe ini lina shombo?"
Wiki tatu! Wakubwa wote! Ndimu inaliua ini kabla sijalipima. Nimemkasirikia, kisha nikajikasirikia. Sikumwambia hata siku moja asikoshe. Nani Pemba hii hakoshi samaki kwa ndimu?

Jumamosi, 8 Novemba
Naogopa. Nikinyamaza hakuna atakayejua. Na jibu lenyewe pengine ni hilohilo. Pengine.
Nimempigia Dokta, nimesema yote. Kajibu: rudia wakubwa wote, nakuongeza wiki. Nimelia simu ikiwa bado sikioni.

Alhamisi, 13 Novemba
Wakubwa wote upya. Bila ndimu. Mama kapasua huku kageuza uso kwa shombo. Maini yapo hai. Ya wadogo bado yanafanya kazi zaidi, ila tofauti ni ndogo kuliko ile ya mwanzo. Vidoti vimetawanyika, mstari unapita katikati yake. Huu nauamini. Alhamdulillahi, mzigo umeshuka.

Jumapili, 16 Novemba
Nimepeleka majibu jana. Dokta kajibu: sawa, andika. Nimelala mpaka jua limepanda.
Mama kauliza kama nimemtaja. Nimemwambia nimeandika kosa ni langu, sikutoa maelekezo. Kaenda kukosha perege wa mchana. Ndimu mbili. Nimekula mpaka kichwa.