Farasi Wetu wa Kauri

Dada Rukia,

Ubao wetu wa sataranji bado uko juu ya meza, kete zimesimama vilevile ulivyoziacha siku gari la hospitali lilipokuja kukuchukua. Mama akifagia huubeba kwa mikono miwili, kama amebeba uji wa moto, kisha anaurudisha palepale. Hakuna anayegusa kete. Ilikuwa zamu yako.

Unakumbuka? Ulikuwa huwezi hata kukaa vizuri, lakini maneno hayakukuishia. "Nimeona kitu hapo. Nikirudi utalia, Kimya."

Hukurudi. Na tangu hapo kila nikipita mezani nasikia kama unaniuliza: umekiona?

Ndiyo maana nilipopangiwa Yohana, mwenzetu wa klabu, kwenye mashindano kule Kilindoni, mimi sikufuata kombe. Nilikifuata hicho kitu chako. Nilicheza upande wako, hatua kwa hatua. Nilijua Yohana atajibu kama nilivyokujibu mimi. Sote umetufundisha wewe, njia nyingine hatuna. Tukafika palepale.

Nikaganda. Farasi wao ni wa mbao, ana shingo, ana masikio. Wetu alipotea, ukaweka kauri uliyookota pwani. Basi nikawa naitafuta kauri kwenye ubao wa watu.

"We, umelala?" Yohana akaninong'oneza. "Nikupe droo?"

Unanijua, maneno hayanitoki mbele za watu. Nikatikisa kichwa. Nikajaribu malkia, nikajaribu farasi, kila njia, kichwani tu, mpaka dakika zangu zikaisha.

Hakukuwa na kitu, dada. Ulikuwa umeshafungwa, na ulijua.

"Pole," Yohana akasema, akinipa mkono. Alidhani nalilia mchezo.

Ulisema vile ili nikungoje, sivyo?

Nimerudi Kirongwe. Mama akauliza, "Umeshinda?" Nikamjibu, "Bado." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Halafu nikakaa kwenye kiti changu, nikanyoosha mkono nimlaze mfalme wako, kama anavyolazwa mtu akikubali kushindwa, yaishe. Kidole kikamgusa. Alikuwa wa baridi.

Nikaurudisha mkono. Nimepangusa vumbi kwenye kauri tu.

Lala, dada, usiwe na haraka. Zamu bado ni yako.

Mdogo wako,
Kimya