Wavu wa Tumboni

Musaga, Jumanne usiku

Na tena ameniita "mama mwenye nguvu", huyu daktari mgeni, Mkongo aliyesomea Ulaya. Sikupenda.

Tangu wanikate titi la kushoto kwa saratani, najaza vitambaa kwenye sidiria. Leo amesema anaweza kunitengenezea jingine kwa nyama ya tumbo langu mwenyewe. Nilifurahi kama mjinga. Kisha akaeleza kwamba tumbo likikatwa hivyo linabaki dhaifu, kwa hiyo hushonea ndani wavu mwembamba wa plastiki ili matumbo yasitokeze nje.

"Lakini mama, apana kubeba kitu ya muzito miezi mingi. Na kama usaha inaingia mu ile wavu, tutafungua tena, tuitoe."

Apana kubeba! Huku kwetu furushi hukaa mlangoni, tayari limefungwa. Risasi zikianza kule vilimani, tunakimbilia mtaa wa Kibenga, kule chini. Mimi furushi kichwani, mama mkwe mgongoni. Miguu yake haisimami tena, na siku hizi hata jina langu halikumbuki. Nimwache?

Usaha nao naogopa. Barabara ikifungwa, nitafikaje hospitalini?

Daktari akauliza, "Kwenu hakuna mutu mwingine wa kubeba?"

Alikuwa ananitazama kwa huruma, nikashindwa kusema hakuna. Nikamjibu, "Ngoja kwanza nimuulize bwana wangu."

Ningejua walikomzika, ningeenda kumuuliza kweli.