Insulini ya Mzee Steve

Troyeville, Johannesburg
Jumapili, 26 Januari 2025

Mjomba Jumbe,

Shikamoo. Habari za Tanga, habari za magoti, habari za masikio yasiyosikia simu? Mimi mzima, nimenenepa, na wasichana wa mtaa huu wameanza kuniita Boss. Tumu, ukiipokea barua hii kwenye simu na kuichapa hapo dukani kwako umpe mjomba, usiniondolee hata neno.

Habari kubwa ni kwamba nimepata kazi. Kubeba mizigo Doornfontein kwisha. Sasa niko bohari ya dawa, kliniki ya serikali ya askari wastaafu, upande wa Kensington. Ndiyo, mimi niliyeishia kidato cha pili nashika funguo za friji ya insulini, ile dawa ya sukari ya kuchoma. Mfamasia wetu ni Murielle, Mkongo wa Lubumbashi, ukichelewa dakika mbili anakununia kwa Kifaransa. Wewe ulikaa bohari ya dawa ya jeshi miaka thelathini ukatoka sajini tu. Mimi nipe miezi sita nakupita.

Kuna mzee mmoja hapa anaitwa Steve, mpigania uhuru wa zamani. Ujanani aliishi kambini Kongwa, huko nyumbani, na Kiswahili chake bado kina vumbi la kule. Nimemfundisha tunavyoitana wanaume wa Tanga, mgosi, sasa haniachi. Kila akija dirishani: "We mgosi, leo una dawa au una maneno?" Namwambia vyote viwili, achague.

Mpwa wako,
Boss Adamu


Tanga
Ijumaa, 31 Januari 2025

Mpwa wangu Adamu,

Marahaba. Magoti yapo. Masikio niliyaacha vitani Kagera, usiyaulize kila barua. Tumu ameichapa yote, hata ya wasichana, na amecheka mno kuliko ilivyostahili.

Nimefurahi kwa kazi. Sasa nikuulize kisajini. Insulini yenu inaletwa na wasambazaji wangapi? Wakichelewa, mna akiba ya wiki ngapi? Umeme ukikatika nani anaamua, na kipimajoto kiko wapi? Mwaka mmoja sisi tulimtegemea msambazaji mmoja, naye akafilisika. Nikawatazama watu waliorudi na roho zao kutoka vitani wakiondoka dirishani kwangu mikono mitupu. Nyuso zao ninazo hadi leo.

Usilolijua uliza. Uliza hata la kijinga. Na hizi barua nazipata Ijumaa tu, nikishuka mjini kuswali, kwa hiyo la haraka muulize aliye karibu nawe.

Mjomba wako,
Jumbe


Troyeville
Jumamosi, 15 Februari 2025

Mjomba wangu sajini,

Shikamoo. Natumai hujambo na Ramadhani itakukuta na nguvu. Mimi sijambo, isipokuwa nimekuwa shujaa.

Jumatano mchana wezi walikata nyaya za umeme mtaani. Jenereta ikanguruma nusu saa ikazima, dizeli imeisha, na mwenye kuagiza yuko likizo. Murielle yuko Pretoria mkutanoni, anamlilia msambazaji wetu mmoja (ndiyo, ni mmoja, usianze) ambaye kila mwezi huchelewa wiki mbili. Ndani ya friji maboksi arobaini, dawa ya wazee wote mpaka mwezi wa tatu. Nje joto la kukaangia yai. Muuguzi wa zamu ananitazama mimi.

Nikawaambia tulieni, mtoto wa soko la samaki yupo. Nikakimbia spaza, kiduka cha mtaani, nikabeba mifuko yote ya barafu na chumvi ya mawe. Nikayafunga maboksi kwa nailoni, nikayapanga ndani ya deli mbili kubwa za kutunzia baridi kama marehemu baba alivyonifundisha kupanga nguru: barafu, chumvi, boksi, barafu, chumvi. Wenzangu walitaka barafu tupu na kitambaa, nikawacheka. Umeme ulirudi kesho yake saa nane mchana, barafu yangu bado ngumu kama jiwe. Eish, mjomba, ungeniona.

Nikarudisha kila kitu kwenye friji. Daftari la joto lina nafasi ya kila saa, basi nikajaza tano, tano, tano, kwa mwandiko mzuri, maana nyuzi tano ndizo wanazozipenda. Murielle aliporudi akaniuliza hali ilikuwaje, nikamwambia baridi ilikuwa tele. Akanishika bega mbele za watu.

Keshokutwa wazee wanakuja kuchukua. Nitamwambia Mzee Steve dawa yake imeokolewa na mgosi.

Mpwa wako,
Adamu


Tanga
Ijumaa, 21 Februari 2025

Adamu,

Salamu baadaye. Nimeipata barua yako sasa hivi baada ya swala. Tumu amekupigia mara nne, simu haipatikani. Anapiga picha karatasi hii wino ukiwa mbichi.

Barafu yenye chumvi inashuka chini ya sifuri. Samaki hajali. Insulini ikiganda mara moja imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Mgonjwa anajichoma maji. Ile barafu tupu na kitambaa uliyoicheka ndiyo ilikuwa sawa. Na hiyo tano uliyoiandika hukuipima, uliitunga.

Mwambie Murielle leo. Si kesho. Wote waliochukua tangu Jumatatu wapigiwe simu mmoja mmoja. Kazi utapata nyingine.

Mjomba wako,
Jumbe


Tanga
Ijumaa, 7 Machi 2025

Mpwa wangu,

Assalaam alaykum, na mwezi mtukufu uwe na heri kwako. Huku tuko wazima.

Wiki mbili sasa. Tumu anasema alama za simu zinaonyesha ulisoma siku ile ile, saa kumi jioni. Sikuandikii kukugombeza. Niambie tu kama ulisema.

Mjomba wako,
Jumbe


Troyeville
Jumatano, 12 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mwili mzima. Habari za funga?

Nilisoma saa kumi, simu ilipowaka, nikiwa bado getini pa kliniki. Dirisha la Murielle nililiona liko wazi. Lakini Jumanne iliyokuwa inakuja nilikuwa na miadi ya kibali changu cha kukaa nchini, na barua ya mwajiri angenisainia yeye Jumatatu asubuhi. Nikajiambia wikiendi si kitu, akishasaini nasema. Kwa Mzee Steve ni mwendo wa dakika ishirini kwa mguu, ningeweza kumwambia hata yeye peke yake. Nilikwenda kutazama mpira.

Jumatatu nikaipokea barua, nikaikunja mfukoni, ndipo nikasema. Murielle hakupiga kelele. Aliketi, akavuta orodha, akaanza kupiga simu. Watu kumi na tisa walikuwa wamechukua. Watatu alikuta wamelazwa kwa sukari, na baadaye wote walipata nafuu. Jina la kumi na moja lilikuwa la Mzee Steve. Akapokea mkewe.

Mzee alifariki Jumapili alfajiri. Walidhani ni joto, maana alikuwa anakunywa maji tu, anakunywa maji. Na kila alipopima akaona sukari imepanda aliongeza dozi, kama alivyofundishwa.

Kazi sina. Barua ya kibali niliichana. Murielle ameandika ripoti na hakuficha makosa ya kliniki: dizeli, msambazaji mmoja, deli bila kipimajoto, mimi kupewa funguo bila kufundishwa. Akanionyesha. Mimi nimo mstari mmoja tu katika kurasa sita. Nilitamani niwe kurasa zote.

Nisamehe, mjomba.

Adamu


Tanga
Ijumaa, 14 Machi 2025

Mpwa wangu Adamu,

Marahaba. Funga inakwenda, nguvu kidogo zimepungua.

Mimi hukunikosea, kwa hiyo sina cha kukusamehe. Ulichelewa kusema, lakini ulisema, na watu kumi na wanane wako hai. Lijue hilo, ila usililalie.

Mke wa mzee ameambiwa nini? Nimeandika ripoti nyingi maishani. Zinakwenda kwa wakubwa, haziendi majumbani. Nenda wewe, na usipeleke maneno mazuri.

Mjomba wako,
Jumbe


Troyeville
Jumapili, 23 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Natumai magoti yanakuruhusu kusimama tarawehe. Mimi nipo.

Nilikwenda jana kwa mke wa Mzee Steve. Gogo, ndivyo tunavyowaita mabibi huku, alinipokea akidhani nimeleta rambirambi. Akaleta chai. Nilipomwambia nimefunga akaifunika kwa kisosi, akasema basi nitakaa mpaka jua lizame. Nikakwama pale.

Kabla sijafungua mdomo akanipeleka jikoni akafungua friji. Ametoa nyama, ametoa maziwa, mle ndani imebaki chupa ya mzee peke yake, katika bilauri safi, rafu ya katikati. Akanieleza kwamba umeme ulipokuwa ukikatika mtaani kwao aliizungushia kitambaa kibichi akakaa nayo. Watoto wake wanasema labda ni friji, imezeeka. Kliniki inamwambia inachunguza. Basi akaniomba mimi, mtu wa bohari, nimwonyeshe alipokosea.

Nikamwambia, mjomba. Barafu, chumvi, tano zangu, barua yako, ile Ijumaa, mpira. Kiingereza kiliponiishia nikaonyesha kwa mikono. Hakulia. Alifunga friji taratibu, mkono ukabaki mlangoni.

"Kwa hiyo haikuwa friji yangu," akasema.

Nikamjibu haikuwa. Akauliza tena, nikajibu tena. Mara ya tatu aliuliza kwa Kizulu, nadhani hakuwa akiniuliza mimi, lakini nikajibu.

Jua lilipozama aliondoa kisosi, akaingia chumbani akafunga mlango. Chai niliinywa peke yangu, nikaosha kikombe, nikatoka.

Mpwa wako,
Adamu