Aloi Yetu Imestahimili Moto

Kwako uliyekuwa mwenzangu wa tanuruni,

Nakutakia heri wewe na mumeo. Nina heshima kukuarifu kwamba aloi yetu, ule mchanganyiko wetu wa metali, imefaulu. Niliiyeyusha na kuipindua mara kadhaa ili metali zichanganyike sawasawa, nikikumbuka utani wako: "Pindua, bwana mkubwa! Hata mgonjwa hupinduliwa kitandani." Kisha niliimimina katika kalibu baridi ya shaba, ikaganda upesi kabla atomi hazijajipanga kwa safu, ikawa kile tunachokiita kioo cha metali. Kioo hicho nimekipasha moto tena, nacho hakikubadilika. Profesa amenipa kazi papo hapo.

Baba yako aliponirudisha mlangoni alisema, "Kijana, kazi kwanza, posa baadaye." Kazi nimeipata siku ile ile ulipoolewa. Tafadhali usimwambie, asije akajilaumu.

Ni mimi,
Mtafiti kamili wa maabara