Chui Milia wa Pugu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Dar es Salaam. Jumamosi, tarehe 22 Juni 1957, saa 8.10 mchana.
Jina: Mbaruku bin Mwinyikondo
Umri: Miaka 48, kwa kukadiria
Kazi: Mfasiri Mkuu wa Sinema za Wanyama. (Alipoulizwa tena: mshona magunia.)
Makazi: Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo

Kwanza iandikwe kwamba katika mji huu, tangu bandarini mpaka Ilala, hakuna mtu anayejua habari za wanyama wa mwitu kunishinda mimi. Watu wazima na kanzu zao wamenipisha njia pale Mnazi Mmoja kwa sababu hiyo. Nimemwomba Koplo Isidori aliweke hilo mwanzo kabisa. Ameliweka, na amesema tuendelee.

Ninamshonea magunia Bwana Chandu katika ghala lake la Mchafukoge. Mwezi uliopita Bwana Chandu aliletewa sinema ya wanyama, sehemu tano, pamoja na mashine ya kuionyeshea. Kila Jumamosi saa 10 alasiri huonyesha sehemu moja humo humo ghalani, milango imefungwa na madirisha yamezibwa kwa magunia. Ndani ya sinema anasema Mzungu kwa Kiingereza. Mimi husimama kando ya shuka linaloonyeshewa picha, na fimbo na kipaza sauti cha bati, nikiwaeleza watu kwa Kiswahili. Kiingereza ninakijua. Nilifika darasa la pili.

Mnamo tarehe 1 Juni ilionyeshwa sehemu ya kwanza. Nilieleza kama ilivyo, kwamba huyu ni chui milia, kwao Bara Hindi, chakula chake paa na nguruwe mwitu. Watu wakaanza kuongea habari za bei ya samaki. Wengine wakatoka. Hapo nikaona kwamba mnyama wa mbali hamtishi mtu. Mnamo tarehe 8 Juni, katika sehemu ya pili, nikawasogeza. Tembo nikamweka Kisarawe, mamba nikamweka Ruvu, na chui milia nikamweka msitu wa Pugu. Ghala likawa kimya, hata mwenye kikohozi alikimeza.

Bwana Chandu aliniita kando baadaye. Alisema, "Mbaruku, yule ni mnyama wa kwetu. Pugu umemfikishaje?"

Nikamjibu, "Kwa mdomo, bwana."

Alicheka, akaniacha.

Mnamo tarehe 15 Juni ilionyeshwa sehemu ya tatu. Chui milia anatoka majanini, anakunywa maji bwawani, anainua kichwa na kututazama. Nilisema bwawa lile ninalijua. Nikasema ukishuka stesheni ya Pugu unashika mkono wa kushoto, unapita mti uliopasuliwa na radi, unateremka bondeni, ndipo lilipo. Nikasema nimelala pale siku tatu, na mnyama mwenyewe alikuja akaninusa unyayo, akaniacha kwa heshima. Koplo ameniuliza kama hilo ni kweli. Nimemwomba aandike kwanza.

Mpwa wangu Bushiri alikuwamo ghalani. Ni mtoto wa marehemu dada yangu Mwamvita, ana miaka ishirini na mitatu, kuli wa bandarini. Nimemlea tangu akiwa na miaka sita. Mwenzake wa kazini, Bakili, alisema kwa sauti watu wote wasikie, "Bushiri, mjomba wako juzi kamkimbia jogoo wa Mama Mektilda mpaka kaacha kiatu. Leo kalala na chui?"

Watu wakacheka. Bushiri akasimama. Alisema, "Mjomba hajanidanganya hata siku moja. Alhamisi sina zamu. Nitakwenda bwawani na debe, nitakuleteeni udongo wenye unyayo wake, mje muupime kwa viganja vyenu."

Mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti. Ningeweza kusema neno. Nilisafisha koo tu.

Jumatano tarehe 19 Juni, saa 12 jioni, Bushiri alikuja nyumbani kwangu. Alinipa shikamoo, nikaitika marahaba, akaketi kizingitini na debe lake jipya, akaniomba nimweleze njia tena. Nikaieleza tena, na safari hii nikaongeza kijito. Halafu nikamwambia neno ambalo ndilo lililonileta mbele ya meza hii. Nilimwambia chui milia ana hila moja: huiga sauti ya binadamu. Atakuita kwa jina lako mara tatu, mara kumi, atakuambia yeye ni rafiki, yeye ni serikali. Usiitike. Lala kifudifudi, ziba mdomo, mpaka achoke aende zake.

Bushiri aliuliza, "Hata ikiwa ni sauti yako, mjomba?"

Nikasema, "Hata ikiwa yangu."

Kwa nini niliongeza hilo, sijui. Maneno yakija matamu mimi huwa siyazuii.

Alhamisi tarehe 20 Juni Bushiri alipanda treni ya saa 2 asubuhi. Jioni hakurudi. Ijumaa saa 1 asubuhi nilikwenda chumbani kwake, nikakuta mkeka umesimamishwa ukutani kama alivyouacha. Saa 2 nilikuwa hapa kituoni kutoa taarifa. Askari sita walipelekwa Pugu, nami niliwaelekeza kwa njia ile ile, kushoto, mti wa radi, bondeni. Niliwaelekeza nikiwatazama machoni. Mungu anisamehe.

Leo saa 7 mchana wawili kati yao wamerudi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nikawasikia wakimwambia sajenti. Walisema hakuna bwawa wala mti uliopasuka. Walisema jana jioni, kwenye korongo, waliokota katambuga moja ya mguu wa kulia, ukanda umekatika, ina damu. Walisema waliita mpaka sauti zikakauka. Mara moja walisikia mtu anakohoa chini ya kichaka, wakapaza sauti, "Bushiri! Sisi polisi! Toka!" Kikohozi kikakatika pale pale. Leo asubuhi hawakusikia kitu. Askari mmoja akasema, "Huyo ana kesi yake, anatukwepa." Sajenti akasema kama ni hivyo, ikifika jioni wote warudi.

Niliondoka kwenye benchi. Nikamshika Koplo Isidori mkono, jambo ambalo najua haliruhusiwi, nikamwambia nina maelezo.

Maelezo yenyewe ni haya. Bushiri hana kesi. Anawasikia. Amelala kifudifudi, ameziba mdomo, ana mguu mbovu na siku ya tatu hii hana chakula, na kila mkimwita anasema moyoni kumbe mjomba alisema kweli. Mkizidi kuita, atazidi kujificha. Bwawa sikuliona popote ila kwenye shuka la Bwana Chandu. Mti nimeutunga, kijito nimekitunga. Msitu wa Pugu sijaukanyaga.

Koplo akauliza, "Sasa mzee, askari wamwiteje?"

Nikasema wasilitaje jina lake kabisa. Watembee wakipaza sauti, "Mbaruku ni mwongo." Mnyama hawezi kusema hivyo, kwa kuwa sikumfundisha.

Koplo aliweka kalamu chini. Akasema, "Mzee wangu, hilo mji mzima unalisema. Na yeye amelizoea, amelikataa miaka yote. Atalisikia atalala zaidi. Nipe neno ambalo hajapata kulisikia kwa mtu."

Koplo aliitazama saa ya ukutani, nami nikaitazama.

Neno lipo. Jumatano ile niliahidi kwenda naye. Bushiri anadhani nilichelewa, au niliugua. Sikuchelewa. Saa 1 na nusu nilikuwa stesheni kabla yake, nyuma ya marobota ya katani. Nilimwona akifika na debe. Alikwenda huku na huku akinitafuta, akamwuliza mchukuzi mmoja kama ameona mzee mwenye koti la kahawia. Alipanda, akaliweka debe kwenye kiti cha dirishani ili mtu asikikalie, kiti changu hicho. Treni ilipoanza kwenda alikuwa ametoa kichwa bado anatazama mlangoni. Nilikuwa karibu kiasi cha kumgusa kwa fimbo. Niliogopa pori, nikachutama.

Waseme hivyo. Waseme mjomba wako alikuwa nyuma ya marobota, alikuona, na hakutoka.

Nimesema yote niliyonayo, na safari hii sikuongeza kitu.

(Sahihi) Mbaruku bin Mwinyikondo

Maelezo haya nimeyaandika mimi, nikamsomea shahidi kwa Kiswahili, akakubali kuwa ndiyo aliyoyasema. Maneno ya mwisho yamenakiliwa na kupewa askari wa gari linaloondoka kwenda Pugu saa 9.30 alasiri. Shahidi ameomba apande gari hilo ayaseme kwa mdomo wake. Ameruhusiwa. Nimempa maji.

(Sahihi) Koplo Isidori