Kuku wa Mama na Miungu ya Moto na Mvua

Mama,

Nakusalimu sana kutoka huku mtaani Fedha. Kuku wako alifika hai, na asante, maana ametumalizia ugomvi. Nekesa wa dada anatunga hadithi na Halima, msichana wa jirani. Katika dunia yao ya kubuni, Watu wa Mvua humwita mungu wa Watu wa Moto shetani, na wale wa Moto husema Mvua ni mungu wa uongo. Sasa wataketije meza moja? "Zii, lazima wapigane!" Nekesa akasema. Halima akakataa, wakanuniana.

Mimi nilikuwa nimeshika kisu tayari. Dada akanizuia: "Ngoja Baba Halima achinje, ndio tule sisi wote." Akaja, akachinja kwa dua yake. Wasichana wakatazamana, wakacheka. Sasa katika hadithi, Watu wa Mvua humpa kisu mtu wa Moto, ingawa mungu wake hawamwamini.

Mezani shemeji aliitazama firigisi, ile unayosema ni ya baba wa nyumba pekee. Akaiweka kwenye sahani ya Baba Halima.

Mungu akutunze, Mama. Uwalishe vizuri hao kuku waliobaki.

Nafula wako