Aliyemsemea Chamnong

Thonburi,
6 Januari, mwaka wa Buddha 2535

Mdogo wangu Bunlue,

Watu wengi wanapomwandikia mtu waliyemkosea hufanya kosa moja: husalimu, huomba msaada, na radhi huiweka mwishoni, kama mgeni anayeomba ruhusa ya kuingia akiwa ameshakula. Mimi naanza na radhi. Mwaka 2509 niliwaambia wasambazaji wa filamu zangu kwamba ukumbi wa sinema wa Roi Et hautapata hata moja mpaka wewe uondolewe kwenye kipaza sauti. Wakakuondoa. Hukuwa umenikosea chochote. Nisamehe.

Sasa salamu. U hali gani? Shemeji Sangiam na watoto hawajambo? Mimi nina magoti mabovu, mengine nashukuru.

Vijana wa leo nikiwaeleza kazi yetu hawaamini. Wakiona mdomo unacheza, wanadhani sauti ni ya mwenye mdomo. Lakini filamu zile zilikuwa bubu. Tulipokuwa tukipiga picha, mtu alisimama nyuma ya kamera akisoma maneno, nami nikayarudia ili midomo isogee tu. Kuna siku nilicheza filamu tatu tangu asubuhi hadi jioni, bila kujua hadithi ya hata moja. Kisha kila mji ulikuwa na mtu wake wa kuketi ukumbini na kunisemea. Roi Et mtu huyo alikuwa wewe. Nilipokuja kuwasalimu watu jukwaani, nikafungua kinywa kwa hii sauti yangu nyembamba, bibi mmoja wa mstari wa mbele akasema, "Sura ni yake, ila sauti kaazima kwa kifaranga. Tuleteeni Chamnong wetu." Ukumbi mzima ukacheka, na wewe ukaadhibiwa kwa kicheko kile. Nilikuwa na miaka thelathini na saba, umri wa kutosha kuwa na akili.

Ombi langu ni hili. Ile filamu niliyocheza kama mwendesha kivuko imepatikana katika ghala la hekalu huko Phichit. Nyingine zangu karibu zote zimeoza. Ofisi inayohifadhi filamu za zamani inataka kuirudisha kwa watu, na wameniambia niitie sauti mwenyewe. Nimejaribu siku nne. Karatasi ya maneno imepotea, na mimi sikuwahi kuyajua. Wewe uliisema filamu hiyo miezi miwili mfululizo. Njoo Bangkok uyaseme, tuyanase.

Kaka yako,
Chamnong

Roi Et,
22 Januari 2535

Kaka Chamnong,

Pokea heshima yangu. Barua yako ilifika Jumatatu. Sangiam aliifungua kwanza, kama desturi yake, akanikabidhi ikiwa imelowa machozi. Wote ni wazima, na tuna wajukuu saba wanaokula kama mchwa.

Radhi nimeipokea, na sasa nikuambie kilichofuata. Nilipotoka ukumbini nilichukuliwa na gari la wauza dawa, lile la kuonyesha filamu bure vijijini. Miaka kumi na minne nimekusemea kwenye mashamba yaliyovunwa. Jambazi akikuelekezea bunduki, tulisimamisha projekta, na wewe mwenyewe, kaka, kwa sauti yako nzito, ukawashauri kina mama juu ya dawa ya minyoo. Hawakuruhusiwa kujua kama utapona mpaka chupa ziishe. Kwa hiyo usijilaumu sana. Sura yako imenilelea watoto watano, nami siku zote nilitaka kukushukuru, sikujua barua nielekeze wapi.

Lakini ombi lako lina kosa, tena kosa la mtu aliyesoma. Unadhani nayakumbuka maneno. Kaka, karatasi niliifuata siku ya kwanza tu. Baada ya hapo niliwasikiliza watu. Wakija wakulima waliokosa mvua, mwendesha kivuko aliitukana mbingu kwa niaba yao. Akiwepo mjane, aliagana na mchumba wake polepole. Ukinifungia chumbani Bangkok mimi na mashine, nitakuwa bubu kama filamu yenyewe. Ilete Roi Et, nami nitakutafutia watu.

Ila usikawie. Nina uvimbe kooni. Tarehe 16 Machi daktari ataukata, na sanduku la sauti litaondoka nao. Baada ya siku hiyo sitasema tena. Siandiki haya unihurumie. Naandika upange safari.

Mdogo wako,
Bunlue

Thonburi,
9 Februari 2535

Mdogo wangu,

Natumaini umeamka salama. Barua yako niliisoma nimesimama, nikajikuta nimeketi.

Ofisini walikataa. Nakala ni moja, haitoki, na filamu si kuku wa kubebwa kwenye basi. Ndivyo alivyoniambia binti wa mapokezi, kwa adabu lakini. Nikawa nakwenda kila siku, naketi kwenye benchi lao na mkate wangu. Siku ya tano nikakumbuka kwamba mimi nilikuwa mwalimu kabla sijawa mwigizaji, nami mwalimu haulizi tu, hutafuta mwenye jibu. Nikaenda Phichit kwa mkuu wa hekalu. Mtawa yule mzee alinisikiliza hadi mwisho, akaandika mistari miwili: filamu ni mali ya hekalu, ofisi wamepewa kuitunza, na hekalu linataka iende Roi Et. Sasa wanatengeneza nakala. Nitakuja nayo tarehe 7 Machi pamoja na fundi na kinasa sauti. Usiwaambie watu kwamba nitakuwepo.

Kaka yako,
Chamnong

Roi Et,
18 Februari 2535

Kaka,

Salamu za haraka. Nampa barua hii dereva wa basi akuletee mkononi. Uvimbe umekua. Daktari ameiwahisha siku ya kukata, sasa ni tarehe 4 Machi. Ukija tarehe saba utakuta mtu wa kukupungia mkono tu. Njoo Jumamosi, tarehe 29 Februari. Nakala ikiwa haijaisha, njoo na kilichopo.

Sauti ninayo kidogo, hasa mchana. Sangiam amenikataza kusema hata na kuku. Tutatumia ukumbi wa shule, madirisha tutayaziba kwa mikeka.

Jambo moja. Katika filamu kuna mama mkwe. Sitaweza kuwasema wote, na sauti yako itamfaa. Utaketi karibu nami.

Mdogo wako,
Bunlue

Thonburi,
20 Machi 2535

Mdogo wangu Bunlue,

Sangiam amenijulisha kwamba umetoka hospitali, jeraha linapona na umeanza kunywa uji. Nimeshukuru mpaka jirani akaniuliza nimeshinda nini. Usihangaike kunijibu kwa urefu.

Jana tumeusikiliza mkanda wa tarehe 29 ofisini, wote, hata yule binti wa mapokezi. Mkanda umenasa kila kitu. Nilipomsemea mama mkwe wanasikika wakicheka, na mwanamke mmoja wa mstari wa mbele akisema, "Huyo mzee mumtafutie mume," nami mara hii nilikuwa nasubiri wacheke. Baadaye, kwenye sehemu ya mwisho, sauti yako inakatika. Nilikuona siku ile ukinyoosha mkono kutafuta maji, nikadhani tumekwisha. Kumbe watu walinyamaza wakikusubiri. Kwenye mkanda unasikika ule ukimya, mtoto mmoja anakohoa, mama yake anamtuliza. Kisha mwendesha kivuko anamwambia mchumba wake kwa mnong'ono, "Nilikuvusha mara nyingi, sikukuuliza jina. Asante kwa kuniamini juu ya maji haya." Miaka yote watu waliniita shujaa, na sikuwahi kucheza vizuri kama ulivyonichezesha pale ukiwa huna sauti. Neno hilo ulilitoa wapi sitakuuliza. Nilikuwa nimeketi ubavuni mwako, nadhani najua.

Asante, mdogo wangu. Kwa Jumamosi ile, na kwa miaka yote uliyonifanya mtu mwema kuliko nilivyokuwa.

Filamu itaonyeshwa nchi nzima ikiwa na sauti yako, bila kubadilishwa hata kikohozi. Mwanzoni wanaandika majina. Langu wameshaliandika. La mtia sauti hawajaliandika, kwa kuwa waliponiuliza jina la ukoo wako niliona aibu: tumeitana kaka na mdogo, nami silijui. Wanafunga kazi wiki ijayo. Chukua kalamu, andika jina lako kamili kwa mkono wako, kama unavyotaka lisomwe, na ulipeleke posta leo.

Kaka yako,
Chamnong